Askofu Edward Steere na Maana Mbili za Neno

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumzia njia za kufundisha hesabu, kusoma na kuandika. Safari hii tumeona vema tuwaeleze wanachuo maisha ya mtu ambaye hakuwa mwalimu wa shule ya msingi, wala hakuzaliwa katika nchi hizi, lakini ambaye kazi yake yamgusa kila mwalimu afundishaye kwa Kiswahili. Mtu huyo ni Edward Steere, askofu wa tatu wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, aliyefariki Unguja mwaka 1882. Twataka kumtazama kwa jambo moja tu: jinsi neno la Maandiko linavyoweza kubeba maana ya wazi na maana ya kiroho kwa wakati mmoja, na jinsi mwalimu anavyopaswa kuzishika zote mbili bila kuacha hata moja ianguke.

Kilichotusukuma kuandika ni jambo lililotokea wakati wa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya wilaya ya Handeni. Mwanachuo wetu alipewa kipindi cha dini katika darasa la tatu. Alifundisha mafundisho ya Yesu yaliyomo katika sura ya 5 ya Injili ya Mathayo, mahali panapohusu mkono unaomkosesha mtu na kwamba ni heri aukate. Andalio lake la somo lilikuwa zuri, sauti yake ilisikika, ubao aliuandika kwa mwandiko safi, na sisi tuliokaa nyuma ya darasa tukampa alama za juu. Siku ya pili yake mtoto mmoja hakuja shuleni, wala siku ya tatu. Mama yake alipofika kueleza, tulipata habari kwamba mtoto huyo alikuwa amechuma mahindi mawili katika shamba la jirani. Baada ya kipindi alikwenda nyumbani, akalichukua panga la baba yake na kulificha kichakani, ili asipatikane mtu wa kuutimiza mstari ule juu ya mkono wake.

Mtoto yule alisikia vizuri kabisa kila alichoambiwa. Kosa lilikuwa la mwalimu aliyemwachia neno bila kumwonyesha njia ya kuliingia, na lilikuwa letu sisi wakufunzi, tuliopima andalio la somo bila kupima kilichofika katika moyo wa mtoto.

Juma lililofuata mwanachuo mwingine, akiogopa yaliyompata mwenzake, alikimbilia upande wa pili. Alifundisha habari za mikate mitano na samaki wawili. Hakueleza njaa ya watu, wala jua lililokuwa likitua, wala mahali pasipo na chakula. Kila kitu alikigeuza kuwa ishara: mikate ishara ya hiki, samaki ishara ya kile, vikapu ishara ya kingine. Msichana mmoja aliuliza kama watu wale walishiba. Akajibiwa kwamba jambo hilo silo muhimu. Basi darasa la kwanza lilipewa neno bila roho yake, na la pili likapewa roho isiyo na mwili wa kukaa.

Makosa haya mawili ni ya kale. Huko Aleksandria katika nchi ya Misri, katika karne ya 3, Origen alifundisha kwamba Maandiko yana maana za namna tatu, kama vile mtu alivyo na mwili, nafsi na roho. Origen alianza kufundisha akiwa bado kijana sana. Mwandishi wa historia ya Kanisa, Eusebius, asimulia kwamba katika ujana wake alilishika neno moja la Injili kwa maana yake ya wazi tu, akaudhuru mwili wake mwenyewe. Mtu huyo huyo baadaye akawa mwalimu mkuu wa maana ya kiroho, na wengine wakamlaumu kwamba alizidisha. Ikiwa mwanachuoni mkubwa kama yeye aliweza kujikwaa pande zote mbili, hatuna sababu ya kumcheka mtoto wa darasa la tatu. Lakini sisi tunaofundisha kwa Kiswahili tunaye mtu wa karibu zaidi wa kutufunza, nasi twaja kwake.

Kijana wa sheria

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisoma katika Chuo Kikuu cha London, akapata shahada yake ya kwanza mwaka 1847 na udaktari wa sheria mwaka 1850, akapokewa kuwa wakili. Kazi hiyo hakukaa nayo. Mwaka 1856 aliwekwa kuwa shemasi, na mwaka 1862 alipewa usimamizi wa parokia ndogo ya Little Steeping katika jimbo la Lincolnshire.

Ijapokuwa aliacha uwakili, twadhani mafunzo yale hayakumwacha. Msomaji wa sheria hujifunza mapema kwamba hawezi kudai kujua nia ya sheria kabla hajasoma kila neno lililoandikwa, na kwamba anayeshika neno peke yake bila kuangalia nia yake huweza kutenda dhuluma mchana kweupe. Mwanachuo akilishika jambo hili moja, ameshika nusu ya somo letu.

Rafiki yake, William Tozer, alipochaguliwa kuwa askofu wa misheni, Steere alifuatana naye mwaka 1863. Walianza upande wa mto Shire, lakini kazi haikusimama huko. Mwaka 1864 walihamia Unguja.

Mwalimu anakuwa mwanafunzi

Huko Unguja Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliookolewa katika jahazi la watumwa. Hilo ndilo lililokuwa darasa la kwanza. Tulifikirie darasa hilo kama walimu. Watoto wameng'olewa kwao, kila mmoja na kilio chake. Mwalimu hajui lugha yao, nao hawajui yake. Lugha iliyokuwa ikisikika pande zote, sokoni, bandarini na majumbani, ilikuwa Kiswahili. Kabla ya kufundisha lolote, Steere alilazimika kuketi chini na kufundishwa.

Aliitumia kazi iliyotangulia ya Ludwig Krapf, ambaye kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichapishwa mwaka 1850. Lakini zaidi aliwategemea wenyeji wa Unguja. Miongoni mwao alikuwamo kijana Hamisi wa Kayi, aliyekuwa mwepesi wa kutambua ni kitu gani hasa mgeni anataka kujua. Mwanachuo aangalie jambo hili: askofu wa baadaye, daktari wa sheria, alikuwa mwanafunzi wa kijana wa Kiswahili. Nao waliomfundisha walikuwa Waislamu, wala dini yao haikumzuia yeye kujifunza kwao wala wao kumfundisha.

Njia yake ya kujifunza yafaa kuigwa. Hakuridhika na orodha ya maneno. Alitaka kuyasikia maneno yakiwa kazini, kwa hiyo alikusanya hadithi kama zilivyosimuliwa na watu wenyewe, na mwaka 1870 akazitoa katika kitabu pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mwaka huo huo kilitoka kitabu chake cha mwongozo wa lugha ya Kiswahili, kilichotumiwa na wanafunzi wa lugha kwa miaka mingi. Hakuzisahau lugha za bara. Mwaka 1867 alikwisha kuchapisha Unguja mkusanyo wa maneno na sarufi ya Kisambaa, lugha ambayo watoto wengi wa Korogwe huanza nayo kabla ya Kiswahili. Vitabu vidogo vilichapwa katika mtambo wa misheni, na vijana wa shule ndio waliopanga herufi. Kwa vijana hao herufi ilikuwa kitu cha kushikwa kwa vidole, kimoja kimoja, kabla maana haijaonekana kwenye karatasi.

Jaribio la mfasiri

Steere alirudi Uingereza mwaka 1868, na mwaka 1872 akaja tena Unguja. Tarehe 24 Agosti 1874 aliwekwa kuwa askofu. Mwaka uliofuata kazi ya Magila, katika nchi ya Wabondei, ilianzishwa upya. Baadaye misheni hiyo ilikuwa na vituo Korogwe na Kideleko pia. Mwaka 1876 aliwaongoza watu waliofunguliwa utumwani hadi Masasi, wakafanya makao huko. Kazi hizo zote alizifanya huku akitafsiri. Agano Jipya kwa Kiswahili lilitoka mwaka 1879.

Kutafsiri Maandiko ni mahali ambapo maana ya wazi na maana ya kiroho hukutana uso kwa uso, kwa sababu mfasiri hana nafasi ya kukwepa. Mhubiri akikutana na neno gumu huweza kulizunguka kwa maelezo. Mfasiri lazima aandike neno moja na kuliacha hapo.

Tuchukue mfano wa sura ya 3 ya Injili ya Yohana, mazungumzo ya Yesu na Nikodemo. Katika Kiyunani neno moja lina maana ya upepo na pia ya roho. Msikilizaji wa lugha hiyo alipoambiwa juu ya upepo usioonekana utokako, alikuwa papo hapo amekwisha kuambiwa juu ya Roho. Kiswahili hakina neno la namna hiyo. Tuna upepo, na kutoka shina hilo hilo tuna pepo. Neno pepo laweza kuonekana kuwa karibu sana na Kiyunani, kwa kuwa nalo ni ndugu wa upepo. Lakini katika pwani ile pepo ni yule anayempanda mtu na kupungwa kwa ngoma. Mfasiri ambaye angefuata undugu wa maneno tu angewapeleka wasikilizaji wake mahali asipokusudia kabisa. Kwa hiyo tafsiri za Kiswahili zilishika neno roho, lililotoka katika Kiarabu na ambalo watu walikuwa nalo katika maisha ya kila siku. Jambo moja lilipotea, ule mwungano wa upepo na roho. Lakini njia ya maana ilibaki wazi.

Katika sura hiyo hiyo kuna neno jingine la Kiyunani lenye maana ya mara ya pili na pia ya kutoka juu. Nikodemo alishika maana ya kwanza peke yake, akauliza mtu mzima atawezaje kurudi tumboni mwa mama yake. Hapo Maandiko yenyewe yanatuonyesha mwanafunzi akijikwaa, na mwalimu hamfukuzi wala hamcheki. Anaanza tena, kwa mfano wa upepo, kitu ambacho Nikodemo amekihisi usoni mwake tangu utoto.

Kuna mfano mwepesi zaidi, nao ni wa mkate. Katika sala aliyoifundisha Yesu, Kiyunani chataja mkate. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, iliyotengenezwa miaka mingi baada ya Steere kufa, imeweka riziki katika Mathayo. Wafasiri hao walitambua kwamba katika nchi ambako wengi hula ugali, mtoto aombaye mkate aweza kudhani anaomba kitu cha mjini. Mwalimu akiwaeleza watoto neno la kwanza na sababu ya la pili, atakuwa amewafundisha somo letu lote kwa dakika tano.

Neno ukombozi

Lakini hakuna neno lililojaribiwa kwa ukali Unguja kama neno ukombozi. Maana yake ya wazi kila mtu aliijua: kukomboa ni kutoa mali ili kukirudisha kitu kilichowekwa rehani, au kumtoa mtu aliyeshikwa. Maandiko hulitumia kwa maana ya kiroho. Paulo, kwa mfano, anawaandikia Wakorintho kwamba wamenunuliwa kwa bei.

Sasa tufikiri neno hilo likisomwa mbele ya wavulana waliotolewa katika majahazi. Wao walikuwa wamenunuliwa kwa bei kweli, wakasimamishwa sokoni, wakafunuliwa midomo ili meno yao yatazamwe. Mwalimu ambaye angewaambia kwamba utumwa wa kweli ni wa dhambi tu, na kwamba minyororo ni jambo dogo, angekuwa amelitumia neno la Mungu kuwafunika macho. Na mwalimu ambaye angeishia kwenye minyororo ya chuma angewanyima yale mengine ambayo Maandiko yanawaahidi.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Misheni ilipata kiwanja cha Mkunazini palipokuwa na soko hilo. Siku ya Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa, na Steere akayasimamia majenzi mwenyewe. Kanisa lilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1879. Inasimuliwa kwamba madhabahu imesimama mahali palipokuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Mwaka huo huo wa 1879 John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano wa kwanza, aliwekwa kuwa shemasi.

Sisi twalitazama jengo hilo kama somo lililoandikwa kwa mawe. Steere hakutafuta mahali safi pasipo na kumbukumbu ili afundishe ukombozi wa kiroho. Alijenga pale pale penye maana ya wazi, ili asimamaye madhabahuni na kulitamka neno hilo awe amesimama juu ya ardhi iliyolishuhudia.

Watoto wa Handeni nao hawako mbali na neno hili. Katika karne ya 19, wakati wa njaa, Wazigua wengi walichukuliwa utumwani hadi nchi ya Wasomali, na vizazi vyao viliishi kando ya mto Juba vikiishika lugha ya Kizigua. Vita vya Somalia vilipowatoa huko, baadhi yao walirudi katika nchi ya babu zao, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 walipewa makao Chogo, wilayani Handeni. Kadhalika kutoka mwaka 1963 hadi 1994 Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Mwalimu atakayefundisha neno ukombozi huko akaanzia mbinguni moja kwa moja, atakuwa amepita juu ya habari ambayo mabibi wa watoto wale waliisimulia jioni.

Edward Steere alifariki Unguja mwezi wa Agosti 1882, akazikwa katika kanisa alilolijenga. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja, ambayo yeye aliitangulia kwa kazi kubwa, ilitoka mwaka 1891. Lahaja ya Unguja, ambayo vitabu vyake vilisaidia kuieneza, ilichaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, hicho ambacho mwanachuo anakiandika ubaoni kila siku.

Mambo ya kuzingatia katika somo

Kutokana na maisha haya twatoa mashauri manne kwa mwanachuo anayejiandaa kufundisha habari yoyote ya Maandiko.

Kwanza, anza na kitu chenyewe. Ukifundisha habari za mpanzi, watoke nje waione njia iliyokanyagwa, mawe na miiba. Ukifundisha habari za yule mwanamke kisimani, waulize nani alibeba ndoo asubuhi ile na alitembea kiasi gani. Ukifundisha mzabibu, tafuta picha ya mashamba ya Dodoma, maana wengi hawajauona.

Pili, jiulize neno hilo lina maana gani vinywani mwa watoto, wala si katika kamusi yako peke yake. Steere aliuliza watu kabla ya kuandika. Nawe uliza kabla ya kufundisha.

Tatu, mtoto anapoelekea kwenye maana itakayomdhuru yeye au mwenzake, simama. Augustino wa Hippo alifundisha kwamba maneno ambayo kwa maana yake ya wazi hayapatani na mwenendo mwema na kweli ya imani yachukuliwe kuwa ni mfano. Kanuni hiyo yatosha hata darasa la tatu.

Nne, usiiache maana ya wazi nyuma baada ya kuifikia ya kiroho. Wale waliokula mikate walishiba kweli. Mtoto aliyeuliza alistahili jibu.

Nasi tulirudi katika shule ile ya Handeni pamoja na mwanachuo wetu. Safari hii hakuanza na Injili. Aliwauliza watoto nani ana mkono wa birika, wakacheka na kutaja mabahili wa kijiji. Akauliza kama watu hao wana birika begani. Kisha akauliza mtu akikata shauri hutumia panga gani, na akikata tamaa hutumia kisu gani. Watoto walijibu wote kwa pamoja kwamba hakuna panga wala kisu. Hapo ndipo alipofungua kitabu, akasoma tena habari ya mkono, akauliza ni kitu gani kikatwe. Yule mtoto wa mahindi, aliyekuwa ameketi karibu na dirisha, aliinua mkono wake wa kulia, akasema kwamba kikatwe kile kinachouambia mkono uchukue.

Jioni ile ile alikwenda kichakani, akalitoa panga na kulirudisha kwa baba yake.